Kinga, Shambulio na Mizani ya Nguvu: Hisabati ya Mapigano Kutoka Kibanda cha Gemu Hadi Mbuga ya Mikumi

Kakakuona akikutana na simba hakimbii wala hapigani. Hujikunja akawa kama mpira, kichwa na tumbo vikiwa ndani na magamba yakiwa nje, kisha akatulia. Simba humgeuzageuza kwa makucha, hujaribu kumtafuna asipate pa kushika, na mara nyingi huchoka akaondoka. Kinga hiyo imewafaa kakakuona kwa mamilioni ya miaka. Lakini binadamu akimkuta kakakuona aliyejikunja, hana haja ya kupambana naye. Humwinua, akamtia katika gunia na kwenda zake. Kinga ile ile iliyomshinda simba ndiyo inayomrahisishia jangili kazi, na uharibifu uliotokana na hali hiyo ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 2016 mkutano wa mataifa yanayosimamia mkataba wa biashara ya wanyama na mimea ya porini uliamua kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya aina zote nane za kakakuona.

Mwanafunzi wa Kilosa au wa Mikumi aliyewahi kuingia katika kibanda cha gemu na kushika padi mkononi atalitambua jambo hili mara moja, ingawa pengine hajamwona kakakuona maishani mwake. Katika michezo ya mapigano ya video, kama vile Street Fighter na Tekken, mpiganaji anayejikinga daima hapatwi na ngumi wala teke. Hata hivyo hujongelewa, akakamatwa na kubwagwa chini, kwa kuwa mkamato haujali kinga. Anayetaka kukamata naye hupigwa ngumi kabla mikono yake haijafika. Na anayerusha ngumi hovyo hukingwa, kisha huadhibiwa kabla hajarudisha mkono. Hivyo pigo hushinda mkamato, mkamato hushinda kinga, na kinga hushinda pigo. Hakuna mbinu iliyo bora kuliko zote. Ubora wa kila moja hutegemea lile alilolichagua mpinzani.

Elimu inayochunguza mambo ya namna hii huitwa nadharia ya michezo. Jina hilo huwafanya watu wengi waidharau, ilhali ni tawi la hisabati lenye matumizi katika uchumi, katika vita na katika elimu ya viumbe. Msingi wake mmoja mkubwa uliwekwa mwaka 1928, John von Neumann, mtaalamu wa hisabati mzaliwa wa Hungaria, alipothibitisha kwamba katika kila mchezo wa watu wawili ambamo faida ya mmoja ni hasara ya mwenzake, na ambamo idadi ya mbinu ina kikomo, kila mchezaji ana namna ya kuchanganya mbinu zake inayompa hakika fulani: hata mpinzani akiijua namna hiyo, hawezi kumpunguzia wastani wake. Maelezo yanayofuata yanaonyesha jinsi mchanganyiko huo unavyopatikana kwa hisabati ya kidato cha pili, pasipo kuhitaji hata umeme.

Mahali ambapo macho hayawahi

Kwanza yafaa kuuliza kwa nini mchezaji akisie badala ya kutazama. Michezo mingi ya mapigano huonyesha picha 60 kwa sekunde, na wachezaji wenye ujuzi huhesabu muda wa kila pigo kwa picha hizo. Picha moja ni sehemu ya sitini ya sekunde. Pigo jepesi katika Tekken aghalabu hufika baada ya picha 10, yaani sehemu moja ya sita ya sekunde.

Je, binadamu anaweza kuliona pigo hilo na kulikinga? Jibu linapatikana darasani kwa rula ya sentimita 30. Mwanafunzi mmoja aishike rula ikining'inia, mwenzake aweke vidole kwenye alama ya sifuri bila kuigusa, kisha rula iachiwe bila taarifa. Umbali ilioanguka kabla ya kudakwa hutoa muda kwa kanuni ya mwendo wa kitu kinachoanguka: umbali ni nusu ya 9.8 mara muda wa sekunde uliozidishwa kwa wenyewe. Rula ikidakwa kwenye sentimita 20, muda ni kama sekunde 0.2, sawa na picha 12. Na hiyo ni hali iliyo rahisi kuliko zote, ambapo kitendo cha kufanya ni kimoja tu. Mchezaji anapolazimika kwanza kutambua ni pigo gani, kisha kuchagua kati ya kinga mbili, muda huongezeka.

Kwa hiyo pigo la picha 10 halikingwi kwa kuonwa. Hukingwa na mtu aliyekuwa amekwisha kujikinga. Pigo la picha 30 huonwa na kukingwa bila shida na mchezaji aliyezoea. Mtengenezaji wa mchezo akitaka kumpa mhusika pigo zito, mara nyingi hulifanya liwe la polepole. Huko ndiko kuanza kwa mizani. Hila ya kuchanganya inahitajika pale tu ambapo macho hayawahi.

Mapigo mawili na kinga mbili

Katika Tekken, mpiganaji anayejikinga akiwa amesimama huzuia mapigo ya juu na ya kati, lakini hupatwa na mapigo ya chini. Anayejikinga akiwa amechuchumaa huzuia mapigo ya chini, nayo ya juu humpita kichwani. Ila pigo la kati humpata. (Katika Street Fighter mambo yamegeuka: anayechuchumaa huzuia mapigo mengi, na kinachomlazimisha kusimama ni shambulio la kutoka juu. Hisabati yake ni ile ile.)

Chukulia kwamba pigo la kati likimpata aliyechuchumaa humpunguzia uhai wa alama 60. Pigo la chini ni jepesi: likimpata aliyesimama humpunguzia alama 15 tu. Pigo la kati likikingwa hakuna anayepata kitu. Pigo la chini likikingwa, mshambuliaji mwenyewe huadhibiwa kwa kupoteza alama 15. Tarakimu hizi zimechaguliwa kwa ajili ya somo, lakini sura yake ni ile inayoonekana katika mchezo wenyewe.

Mkingaji asiyefikiri sana atasema: "Pigo la kati ndilo la hatari, basi nitasimama daima." Mshambuliaji akilijua hilo atampiga chini kila mara na kujipatia alama 15 kwa kila jaribio. Mkingaji akighadhibika na kuanza kuchuchumaa, atakutana na alama 60. Inabidi achanganye. Swali ni kwa kiasi gani.

Mkingaji asimame kwa sehemu m ya mara zote, na achuchumae kwa sehemu iliyobaki, yaani 1 − m. Mshambuliaji anayepiga kati atapata kwa wastani 60(1 − m). Anayepiga chini atapata 15m − 15(1 − m), yaani 30m − 15. Mkingaji hodari ni yule anayemfanya mshambuliaji asione tofauti kati ya mapigo yake mawili, maana tofauti ikiwapo itatumiwa. Basi wastani mbili ziwe sawa:

60 − 60m = 30m − 15
90m = 75
m = 5/6

Mkingaji asimame mara tano katika kila sita. Akifanya hivyo, mshambuliaji atapata wastani wa alama 10 kwa jaribio, apige atakavyo.

Sasa upande wa mshambuliaji. Apige kati kwa sehemu k, na chini kwa sehemu 1 − k. Mkingaji akisimama, mshambuliaji hupata 15(1 − k). Akichuchumaa, hupata 60k − 15(1 − k). Zikisawazishwa:

15 − 15k = 75k − 15
90k = 30
k = 1/3

Na wastani wake ni 15 × 2/3, yaani 10, sawasawa na ule uliopatikana upande wa pili. Usawa huo wa pande mbili ndio alioutangaza von Neumann.

Matokeo haya yanastahili kutazamwa mara ya pili. Pigo lenye nguvu mara nne linatumiwa mara moja katika tatu. Pigo dhaifu linatumiwa mara mbili katika tatu. Kwa nini? Kwa sababu pigo la kati hufanya kazi hata lisipopigwa. Kuwapo kwake humlazimisha mkingaji kusimama, na kusimama huko ndiko kunakolipa pigo la chini nafasi. Mchezaji mchanga hurudia pigo kubwa na kushangaa kwamba linakingwa.

Mwalimu anaweza kulihakikisha jambo hili kwa dado moja na punje za mahindi. Alama zote zigawanywe kwa 15: pigo la kati ni punje 4, la chini punje 1, na adhabu punje 1. Mkingaji atupe dado kwa siri na kuchuchumaa pale tu linapotoka 1. Mshambuliaji atupe dado lake na kupiga kati linapotoka 1 au 2. Baada ya raundi 36 mshambuliaji atarajiwe kuwa na punje zipatazo 24. Tofauti ya punje sita juu au chini isimshangaze mtu, kwani bahati nasibu ndivyo ilivyo. Kisha dado liondolewe na wanafunzi wachague kwa akili zao. Aghalabu itaonekana kwamba akili ya binadamu haijui kubahatisha: baada ya kuchuchumaa mara moja, mtu huona haya kuchuchumaa tena mara ya pili mfululizo, na mpinzani makini huisoma tabia hiyo. Mkingaji anayechuchumaa nusu ya mara zote kwa hofu ya mapigo ya chini, humpa anayepiga kati daima wastani wa alama 30, mara tatu ya ile 10.

Fundi wa mizani

Mtengenezaji wa mchezo akipata malalamiko kwamba mhusika fulani ni dhaifu, atafanya nini? Wengi hukimbilia kuongeza pigo kubwa. Hesabu ile ile inaonyesha kinachotokea. Pigo la kati likipandishwa kutoka alama 60 hadi 90, wastani wa mshambuliaji hupanda kutoka 10 hadi 11.25 tu, na pigo lenyewe hutumiwa mara chache zaidi kuliko mwanzo: mara moja katika nne. Pigo la chini likipandishwa kutoka 15 hadi 30, ambayo ni nyongeza ya alama 15 peke yake, wastani hupanda hadi 17 na zaidi kidogo. Na iwapo mhusika ana nguvu kupita kiasi, si lazima kupunguza pigo lolote. Inatosha kuongeza adhabu ya pigo la chini lililokingwa kutoka 15 hadi 45, na wastani utashuka hadi 7.5. Mwanafunzi azifanye hesabu hizo tatu mwenyewe. Ni jambo la kusikitisha kwamba vijana wengi wanaobishana usiku kucha juu ya mhusika yupi ni bora hawajaambiwa kamwe kwamba ubishi wao una jibu katika milinganyo wanayoichukia mchana.

Lakini kuna swali lililo kubwa kuliko hilo: nini maana ya kusema mhusika "ana nguvu"? Hapa Mikumi inalo la kusema.

Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, nayo ina eneo la kilomita za mraba 3,230, ikijumuisha uwanda wa mafuriko wa Mkata. Barabara kuu ya kutoka Morogoro kwenda Iringa huikata katikati. Tangu miaka ya 1970 nyani wa manjano wa mbuga hiyo wamechunguzwa na wanasayansi kwa kutambuliwa mmoja mmoja, kundi kwa kundi. Mmoja wa wachunguzi hao alikuwa Carlos Drews, ambaye mwaka 1995 alichapisha makala juu ya wanyama wanaouawa na magari katika barabara hiyo, na mwaka 1996 akachapisha nyingine juu ya majeraha ya nyani dume. Kabla ya hapo, mwaka 1993, alikuwa amepitia maana mbalimbali ambazo wataalamu walikuwa wakilipa neno "ubabe" katika tabia za wanyama, akapendekeza maana moja. Ubabe, kwa maelezo yake, si sifa ya mnyama mmoja. Ni mwenendo wa mapambano yanayorudiwa kati ya wanyama wawili, ambamo mmoja hushinda kwa kawaida na mwingine huzoea kumpisha badala ya kuuchochea ugomvi. Kusema "nyani huyu ni mbabe" pasipo kumtaja mwenzake ni kusema nusu ya sentensi.

Ndivyo ilivyo kwa wahusika wa mchezo. Chukulia wahusika watatu, A, B na C, wanaochezwa na watu wenye ujuzi sawa. Katika mapambano 10, A humshinda B mara 6. B humshinda C mara 6. Na C humshinda A mara 6. Kila mmoja ana mpinzani anayemwonea na mpinzani anayemwonea yeye, na akijumlishwa na pambano dhidi ya mfano wake mwenyewe, kila mmoja ana wastani wa ushindi 5 katika 10. Mchezo huo una mizani, ijapokuwa hakuna pambano hata moja kati ya wahusika tofauti lililo sawa. Mizani si lazima iwe usawa wa kila jozi.

Sasa aongezwe D anayewashinda wote watatu mara 6 katika 10. Hesabu inakwisha papo hapo: kila mwenye akili atamchagua D, na A, B na C watabaki kuwa mapambo. Jambo hili lilitokea kweli. Street Fighter II ilipotoka mwaka 1991 ilikuwa na wahusika wanane wa kuchagua. Ikafuatiwa na matoleo mengine, kila moja likijaribu kurekebisha lililotangulia, hadi lile la mwaka 1994, Super Street Fighter II Turbo, lililokuwa na mhusika wa siri aitwaye Akuma. Huyo aliweza kurusha mipira ya moto akiwa hewani, na wapinzani wengi hawakuwa na jibu. Mashindano ya Marekani yalimkataza kabisa. Sheria ya watu ikaisaidia kazi ambayo hisabati ya mtengenezaji ilishindwa.

Pembetatu ya A, B na C ipo pia porini, ingawa mfano uliochunguzwa vizuri zaidi hautoki Afrika. Mwaka 1996 Barry Sinervo na Curtis Lively walieleza mijusi fulani wa California ambao madume yao yana rangi tatu za koo. Wenye koo la rangi ya chungwa ni wakali na huteka maeneo makubwa, wakiwashinda wenye koo la bluu. Wa bluu hulinda majike yao kwa karibu, hivyo huwazuia wa manjano. Wa manjano, wanaofanana na majike, hupenya kwa siri katika maeneo makubwa ya wale wa chungwa wasioweza kulinda kila pembe. Kwa miaka kadhaa rangi zilipokezana wingi, hakuna iliyozifuta nyingine.

Kujihami kama njia ya kushinda

Watazamaji hawapendi mchezaji anayejihami, humwita mwoga au kobe. Lawama hiyo haina msingi. Michezo hii ina saa, na muda ukiisha mwenye uhai mwingi hushinda. Mchezaji aliyetangulia kwa alama tano hana deni. Ni mpinzani anayepaswa kumfuata, na anayelazimika kufuata hujifunua. Katika Street Fighter II, mhusika Guile alitengenezwa kwa mantiki hiyo: mapigo yake maalumu hupatikana kwa kurudisha kijiti nyuma au chini na kukishikilia hapo kwa muda kabla ya kukisukuma mbele au juu. Kwa kuwa kurudisha nyuma ndiko kujikinga, Guile huandaa silaha zake akiwa ndani ya kinga, kama nungunungu ambaye humgeuzia adui mgongo wenye miiba na kumwendea kinyumenyume.

Watengenezaji, wakijua kwamba kinga isiyo na gharama ingeua mchezo, waliweka gharama mbili. Ya kwanza ni mkamato uliokwisha kutajwa. Ya pili ni kwamba, katika mingi ya michezo hiyo, pigo maalumu lililokingwa hupunguza uhai kidogo. Mwaka 2004, katika mashindano ya Evo huko California, Mjapani Daigo Umehara alibaki na uhai mwembamba mno katika mchezo wa Street Fighter III: 3rd Strike, na Mmarekani Justin Wong, aliyekuwa akisifika kwa subira yake ya kujihami, akamrushia shambulio kuu la mhusika Chun-Li lenye mateke 15 mfululizo. Kukinga kwa kawaida kusingesaidia, kwani gharama ya kukinga peke yake ingemmaliza. Mchezo huo una kinga nyingine: mchezaji akisukuma kijiti mbele wakati ule ule pigo linapofika, hapotezi kitu, akikosea kidogo hupatwa na pigo zima. Umehara aliyakabili mateke yote 15 kwa namna hiyo, kisha akashambulia na kushinda pambano. Pigo la kwanza lilikuwa la haraka mno kuonwa, hivyo ilimbidi alitarajie.

Utajiri wa vifaa si sharti la ustadi huu. Mwaka 2019 kijana wa Lahore nchini Pakistani, Arslan Siddique, ajulikanaye kwa jina la Arslan Ash, alishinda mashindano makuu ya Tekken 7 ya Evo Japan na yale ya Marekani, wakati ambapo wakubwa wa mchezo huo, wengi wao kutoka Korea na Japani, hawakuwa wamezoea kuwahesabu wachezaji wa kwao.

Kwa nini wenye silaha hawauani

Swala pala dume wa Mikumi wana pembe zenye ncha kali, na ngozi yao ya shingoni ni nene kuliko ya majike, P. J. Jarman aliieleza kinga hiyo mwaka 1972. Hata hivyo ugomvi mwingi wa madume huishia katika kutazamana, kunguruma na kusukumana kwa pembe. Mwaka uliofuata, 1973, Mwingereza John Maynard Smith na Mmarekani George Price walitumia nadharia ya michezo kueleza kwa nini.

Wachukuliwe wanyama wa aina moja wenye tabia mbili: "mwewe" hupigana hadi ashinde au aumie, "njiwa" hutishia, lakini akipambana na mkali hukimbia bila jeraha. Kitu kinachogombewa kina thamani ya alama 40, na jeraha hugharimu alama 100. Mwewe wawili wakikutana, kila mmoja ana nafasi sawa ya kupata 40 au kupoteza 100, wastani ukiwa hasara ya 30. Mwewe akikutana na njiwa hupata 40 na njiwa hapati kitu. Njiwa wawili hugawana, 20 kwa kila mmoja. Ikiwa sehemu w ya kundi ni mwewe, mwewe hupata wastani wa 40 − 70w, na njiwa hupata 20 − 20w. Wanalingana w ikiwa 0.4. Mwewe wakizidi hapo huumizana na kupungua. Wakipungua chini ya hapo, ukali hulipa na huongezeka. Jeraha likiwa ghali zaidi, mwewe huwa wachache zaidi. Hakuna mnyama anayefikiria manufaa ya wenzake; mizani hujitokeza yenyewe.

Kuna jambo ambalo gemu la watu wawili haliwezi kulionyesha. Katika Mikumi hiyo hiyo, Samuel Wasser aliandika mwaka 1983 juu ya nyani jike wanaoungana kumshambulia jike mwingine, akiyahusisha mashambulizi hayo na ushindani wa kuzaa. Wanyonge wawili wakishirikiana, jedwali la jozi halitoshi tena, na hisabati yake huwa ngumu mara nyingi.

Zoezi la shambani

Katika vijiji vya Wilaya ya Kilosa vinavyopakana na hifadhi, kinachogombewa na nyani ni chakula cha mwaka. Mkulima ana mashamba mawili, la bondeni lenye mahindi mazuri na la mlimani lenye mahindi hafifu, na mlinzi ni mmoja tu. Nyani wakivamia bonde lisilo na mlinzi hasara ni debe 12. Wakivamia mlima usio na mlinzi ni debe 4. Wakimkuta mlinzi hawapati kitu. Mkulima akimweka mlinzi bondeni daima, nyani huuzoea mlima na kuumaliza. Akilinda bonde kwa sehemu b ya siku, uvamizi wa bondeni humgharimu 12(1 − b) na wa mlimani 4b. Usawa hupatikana b ikiwa 3/4, na hasara hushuka hadi debe 3, popote nyani watakapokwenda. Siku hizo zisifuate ratiba, maana nyani huketi juu ya mti na kutazama.

Mwanafunzi atafute upande wa pili: nyani wenye busara wavamie bonde mara ngapi katika nne? Akishapata jibu, alilinganishe na pigo la kati na pigo la chini, kisha amwongeze mlinzi wa pili na ahesabu mkulima amlipe debe ngapi kwa kila uvamizi aliouzuia bila yeye mwenyewe kupata hasara.